Kalsiam haifufui mfupa: nyonga ya msusi mmoja wa Lubumbashi, SS, deksa na kazi ya kuchora

Ingia farmasi yoyote ya Katuba ao Kenya, mitaa yetu ya Lubumbashi, useme tu "mifupa inaniuma", utatoka na vitu viwili, kalsiam na dawa ya maumivu. Hakuna atakayekuuliza mfupa gani, tangu lini, usiku ao mchana, una homa ao hapana. Ukiwa koko watakuambia ni uzee, ukiwa kijana watakuambia ni rimatisi, ukiwa msichana mwembamba watakuambia hauli vizuri. Afu unakunywa kalsiam miezi na miezi na mfupa unaendelea kuharibika pale pale ulipo.

Naandika hii juu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, msusi, ana miaka 27 na nyonga ya mkono wa kushoto imeshaanza kubomoka. Amenikubalia niandike, jina hapana. Kesi yake imechanganya karibu kila kitu ambacho watu wanachanganya kuhusu mifupa, ndo maana nikaona heri nifungue hili fundo polepole, na mwishoni tuongee pia kazi, juu watu wanadhani mtu wa mifupa mibovu ukimtafutia kazi ya kukaa basi umemaliza.

Kwanza hivi. Mfupa wa mtu mzima ni kitu hai, una damu, una mishipa, una seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na kila mwaka karibu asilimia 10 ya mifupa yako inabadilishwa mpya bila wewe kujua. Sasa huu mfupa unaweza kuugua kwa njia nyingi, lakini kwa vijana wa huku kwetu kuna tatu ambazo lazima uzitofautishe, maana dawa ya moja haisaidii nyingine.

Ya kwanza ni mfupa kuwa mwepesi, osteoporozi. Umbo lake ni zuri ila ndani umepungua, unavunjika kwa kitu kidogo. Hii haiumi yenyewe, watu wengi hawajui hilo, unaisikia siku umevunjika. Ya pili ni mfupa kuwa laini, osteomalasi, hapa tatizo mara nyingi ni vitamini D, mfupa unajengwa lakini haukomai, na hii inauma, inauma sehemu nyingi kwa wakati mmoja, mapaja, mbavu, mgongo, na misuli inachoka hata kupanda ngazi ni shida. Ya tatu ndo ya mdogo wangu, osteonekrozi, mfupa kufa. Kufa kabisa, kipande fulani kinakosa damu, seli zinakufa, basi. Kalsiam na vitamini D zina kazi kwenye ya pili sana, kwenye ya kwanza kiasi, kwenye ya tatu hazirudishi kitu. Unaweza kumeza ndoo nzima.

Mi sisemi kalsiam ni uongo. Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1000 kwa siku, na chakula chetu kinaweza kukaribia pale ukila ndagala ao kapenta pamoja na mifupa yake, maziwa ukipata, mboga za majani. Bukari, yaani ugali, karibu peke yake kila siku, hapo kweli kuna upungufu. Na vitamini D usiicheze, jua la Lubumbashi liko lakini mtu anayeingia saluni saa moja asubuhi na kutoka giza hilo jua halioni, na ngozi nyeusi inataka muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kile kile. Ninachosema ni kwamba usitibu jina, tibu ugonjwa.

Sasa kwa nini ni nyonga na si kiwiko?

Kichwa cha mfupa wa paja, lile duara linaloingia kwenye shimo la nyonga, kinalishwa na mishipa midogo sana ya damu inayozunguka shingo ya mfupa, na njia za akiba ni chache. Mishipa ikizibwa, sehemu ya juu inayobeba uzito ndo inakosa. Na mwanzoni huoni kitu chochote, ni sawa na mti wa paa uliokuliwa na mchwa, kwa nje uko vile vile, rangi ile ile, unabeba mabati yale yale, mpaka siku unabonyea. Ndo maana radio ya kwanza, ile picha ya eksirei, inaweza kutoka safi kabisa na mtu anaambiwa hana kitu. IRM, wengine wanaiita MRI, ndo inaona mapema, ila ni ghali na si kila mtu anaifikia, kwa hiyo wengi huku tunaijua wakati radio ya kawaida inaonyesha tayari: kwanza kamstari chembamba chini ya uso wa mfupa, hapo ujue unaanza kuvunjika kwa ndani, baadaye duara linakuwa bapa, na mwisho gegedu linakwisha, mfupa unasugua mfupa.

Na kuna mtego mwingine, huu ndo uliomchelewesha. Yeye alikuwa analalamika goti. Si nyonga, goti. Akapigwa radio ya goti ikatoka nzuri, akapewa pomada, akarudi, radio ya goti tena, nzuri tena. Watu wakaanza kusema anajisikia mvivu. Siku tulipompata daktari wa mifupa, yule mzee hakuangalia hata zile radio, alimlaza chali, akakunja goti lake, akalishika kwa mkono mmoja na mwingine akausukuma unyayo kwenda nje polepole, kitu kidogo tu, na mdogo wangu akaruka.

"Inauma wapi, mama?"

"Huku." Akaweka mkono kwenye kinena.

"Si kwenye goti?"

"Aah, kumbe!"

Neva zinazotoka nyonga na goti zinapita njia moja, kwa hiyo ubongo unadanganyika. Mtu kijana anayeuma goti na goti lenyewe ukilibonyeza haliumi, muangalieni nyonga. Na ile harakati ya kuzungusha paja kwenda ndani (unyayo ukienda nje, paja linazunguka ndani) mara nyingi inapungua mapema, kabla ya kuchechemea. Mjini watu wanalipia vipimo vya bei kali na hakuna aliyewalaza kitandani akazungusha mguu, hii inanikasirisha kidogo.

Sasa sababu. Yeye alikuwa na mbili, na hapa ndo nataka mnisikilize.

Ya kwanza ni SS, ugonjwa wa selimundu. Alizaliwa nayo, sisi wote nyumbani tunajua. Kwa asiyejua: himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa mtu wa SS ina kasoro moja ndogo mno, asidi amino moja imebadilishwa na nyingine, na chembe nyekundu ikikosa oksijeni ao maji inajikunja inakuwa na umbo la mundu, ngumu, inanasa kwenye mishipa midogo. Chembe ya kawaida inaishi siku 120 hivi, ya SS siku 10 mpaka 20. Baba AS na mama AS, yaani kila mmoja amebeba kasoro nusu bila kuugua, kila mimba ina nafasi 25 kwa 100 ya kutoa mtoto SS, kila mimba, si kwamba mmoja akishatoka wengine watatu wamepona. Makadirio yaliyochapishwa 2013 yaliiweka Congo yetu kwenye watoto karibu 40,000 wanaozaliwa na SS kwa mwaka, Afrika nzima ni Nigeria tu ilikuwa mbele yetu. Si ugonjwa wa familia fulani iliyolaaniwa, ni ugonjwa wa mtaa wako.

Kila mtu anajua zile krizi, maumivu ya ghafla, maji ya mshipa, damu. Kisichojulikana ni kwamba katikati ya krizi na krizi mishipa inaendelea kuziba kimya kimya, na kichwa cha paja, na kile cha bega pia, ndo vinalipa. Mwanzoni mtu wa SS anaweza kudhani ni krizi nyingine. Tofauti moja ya kukusaidia: krizi inakuja na kuisha, mara nyingi inagusa sehemu nyingi, nyonga iliyokufa inauma pale pale, kila ukikanyaga, wiki baada ya wiki.

Ya pili ni deksa. Na hapa wadada mtanisamehe.

Mdogo wangu alikuwa mwembamba, SS wengi ni wembamba, na mnajua mji huu unavyomsema msichana asiye na nyama. Saluni ndo mahali pa kila dawa, kuna mtu alimletea vidonge vidogo vya "kunenepesha", na akanenepa kweli, uso ukajaa, watu wakamsifu, sijui umepata bwana, sijui umeanza kula vizuri. Ile ni deksametazoni. Ni kortizoni kali: miligramu 0.75 ya deksa ni sawa na miligramu 5 za prednizoni, na nguvu ya kiasi hicho inakaribia ile ya kortizoli yote, homoni ya ukoo huo huo, ambayo mwili wenyewe unatengeneza kwa siku nzima. Ukimeza vidonge viwili vitatu kila siku umeshapita mwili wako mwenyewe. Na ule unene si nyama, ni maji na mafuta usoni, tumboni, nyuma ya shingo, wakati misuli ya mapaja inakonda, sukari inapanda, presha inapanda. Kwenye mifupa deksa inapiga mara mbili: inazuia seli zinazojenga mfupa, huo ndo wepesi, na inaweza kuua kichwa cha paja kwa kukikosesha damu, hiyo ndo nekrozi. Hata mtu asiye na SS. Pombe nyingi ya miaka inaleta shida hiyo hiyo. Na kwa mtu wa SS kuna nyongeza, kortizoni ikisimamishwa inaweza kuamsha krizi.

Pomada za kujichubua ziko kwenye ukoo huo huo. Nyingi zina klobetasoli, kortizoni ya ngozi yenye nguvu kubwa, na ukipaka mwili mzima asubuhi na jioni miaka kadhaa, inaingia damuni. Sisemi kila anayejichubua nyonga yake itakufa, hapana, ila anayejichubua, anayemeza deksa, na ana SS, huyo anacheza bahati nasibu mara tatu.

Deksa yenyewe ni dawa ya maana, 2020 Waingereza walionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku kwa siku 10 inaokoa maisha ya wagonjwa wa korona waliokuwa wanahitaji oksijeni, na kuna mizio mikali, kuna uvimbe wa ubongo, daktari anaitumia kila siku. Shida ni kuimeza miezi bila sababu. Na kama unasoma hii na uko unaimeza sa hivi, tafadhali USIITUPE leo. Tezi zako za kutengeneza kortizoli zimeshalala, ukikata ghafla unaweza kuanguka, kutapika, presha kushuka mpaka kufa. Nenda kwa daktari, mwambie ukweli bila aibu, akushushe taratibu.

Vipimo vya uzito wa mfupa pia vinachanganya watu. Kuna kipimo kinaitwa DXA, kinapima ujazo, na wenye uwezo wanakwenda mpaka nje kukifanya. Kwanza hakioni mfupa uliokufa, ni kipimo cha wepesi. Pili, ile alama ya T inayosema -2.5 ndo osteoporozi iliwekwa kwa ajili ya wanawake waliokwisha pita hedhi, kwa msichana wa miaka 27 wanaangalia alama Z, wanamlinganisha na watu wa umri wake, na wasiwasi unaanzia -2. Mtu amerudi na karatasi analia kwamba ana mifupa ya bibi, kumbe alisomewa kwa mstari wa bibi. Sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu nayo inasingiziwa sana: ni kweli inapunguza ujazo kidogo, onyo rasmi la Marekani ni la 2004, lakini ukiacha mwingi unarudi, na haiui nyonga. Msiichanganye humu.

Tiba sasa. Nitasema bila kupamba: hakuna kidonge kinachofufua sehemu iliyokufa. Hidroksiurea inapunguza krizi za SS, na utafiti mkubwa uliotoka 2019 kwa watoto wa Afrika, Kinshasa ikiwemo, ulionyesha inafaa na ni salama hata huku kwenye malaria, kwa hiyo anayeweza kuipata aongee na daktari wake, lakini nyonga iliyokwisha kufa haiponyi. Kabla duara halijabomoka kuna operesheni ya kutoboa mfupa kupunguza presha ndani. Inasaidia baadhi ya watu. Ila kuna utafiti mdogo wa Marekani wa 2006, wa wagonjwa wa SS tu, ambapo mazoezi peke yake yalitoa matokeo karibu sawa na kutoboa pamoja na mazoezi, baada ya miaka kama 3. Mi hiyo ndo iliyonipa moyo, maana mazoezi yanawezekana Katuba.

Duara likishabomoka na maumivu yakazidi, ni proteze. Nyonga bandia za kisasa zinaenda tangu 1962, na hesabu zilizokusanywa 2019 zinasema karibu 58 kwa 100 zinafika miaka 25. Ukiwa na miaka 65 hiyo ni habari njema. Ukiwa na 27, piga hesabu mwenyewe: huenda utafunguliwa tena ukiwa mama wa watu wazima, na operesheni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Kwa mtu wa SS kuna hatari zaidi za maambukizi na krizi, mara nyingi wanaongeza damu kabla. Kwa hiyo mpango wa mdogo wangu ni kusogeza mbele siku ya proteze, si kuikataa.

Na kusogeza mbele maana yake ni kupunguza mzigo. Hapa hesabu ni nzuri sana, niacheni niifurahie. Ukisimama mguu mmoja, nyonga haibebi kilo zako tu, misuli ya pembeni inavuta kwa nguvu ili usianguke, na jumla inayokandamiza kile kiungo inafika mara 2.5 mpaka 3 ya uzito wako. Mtu wa kilo 50, kilo 125 mpaka 150 kwenye kaduara kamoja. Kila hatua! Bidoni la maji la lita 20 kichwani si kilo 20 kwa nyonga, ni karibu 60 za ziada. Na fimbo: watu wengi wanaishika upande unaouma, ni kinyume. Shika mkono wa upande MZIMA, hapo unasaidia ile misuli na mzigo unashuka sana hata ukiegemea kidogo tu. Tulimgeuzia fimbo mkono, na siku ile ile alitembea kutoka barabarani mpaka mlangoni bila kusimama, majirani wakadhani amechomwa sindano.

Ndo tufike kwenye kazi.

Muangalie msusi akiwa anasuka. Mteja kakaa chini kwenye kakiti kafupi, msusi kasimama nyuma, kainama, na mwili wote kaulaza kwenye mguu mmoja, nyonga imetoka nje, masaa 6, masaa 7, rasta ndogo ndogo hata zaidi. Ile ndo hesabu niliyowapa juu. Ongeza hii: wasusi hawanywi maji. Choo kiko mbali, ni cha kulipia ao kichafu, mteja ana haraka, basi mtu anakaa kutwa bila tone, na kwa SS kukosa maji ni kualika chembe zijikunje. Ongeza mwezi wa 6 na wa 7, baridi ile ya asubuhi ya Lubumbashi, mlango wazi. Hakuna kazi mbaya zaidi kwa nyonga ile, na hakuna kazi aliyoipenda zaidi.

Familia ikakaa. Mama mdogo akasema ashone, kushona ni kukaa. Sawa, lakini cherehani tuliyokuwa nayo ni ya kukanyaga, mguu unaenda na kurudi kutwa na nyonga imekunjwa, na ya umeme inategemea umeme, nisiendelee. Mjomba akasema picha za harusi, zinalipa. Mpiga picha wa harusi anasimama kuliko msusi, na begi begani. Makiyaji, kupaka watu vipodozi? Kusimama tena, saa kumi na moja alfajiri. Kuna aliyesema apige shaba, zile sahani za kugonga kwa nyundo ambazo wageni wananunua, lakini mafundi wengi wanakaa chini kabisa, magoti juu kuliko kiuno, na huo mkao nyonga mbovu haiutaki. Mnaona? Swali si kukaa ao kusimama. Swali ni kiungo kinabeba nini, kimekunjwa kiasi gani, na mtu anaweza kubadili mkao, kunywa maji na kwenda chooni anapotaka.

Yeye mwenyewe ndo alileta jibu, na lilikuwa kwenye daftari la shule. Miaka yote alikuwa anachorea wateja mistari ya kichwa kwa bic kabla ya kuanza, huku itapita hivi, huku itageuka, ili wasije wakalia mwishoni. Vile vichwa vilikuwa vizuri sana. Akaanza kuvichora kwenye simu, kwa kidole, baadaye tukachanga tukamnunulia tableti ya mtumba, na mwenye saluni mmoja akamuomba amchoree ukuta wa mbele. Kupanda ngazi hawezi. Basi akauza mchoro, na fundi rangi wa mabango akaupandisha ukutani, kila mtu na chake. Siku hizi anafanya mabango ya saluni, kadi za harusi, afishi za matamasha ya kwaya, logo za maduka.

Lubumbashi si mji wa shaba tu, tusisahau. 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, kulikuwa na karakana ya wachoraji ya Le Hangar, akina Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, huyu wa mwisho alikuwa anapaka rangi kwa vidole vyake, brashi hapana. Shule ya sanaa ikafuata 1951. Picha kwenye kuta za baa na saluni ni kitu cha hapa hapa. Kwa hiyo aliposema anataka kuchora, hakuna aliyemshangaa, walimuuliza tu utakula nini.

Na ni swali la haki. Mi sipendi zile hadithi za mtu kaacha kazi kafuata ndoto. Hakuacha saluni. Kiti chake alimwachia binti ambaye yeye ndo alimfundisha kusuka, wateja wanaendelea kuja, na kila wiki binti anampa sehemu yake, ndo hiyo inalipa dawa, michoro ndo inalipa kinachobaki, miezi mingine hakibaki kitu. Sheria zake za kazi ni fupi: avansi nusu kwa M-Pesa ao Airtel Money kabla hajafungua tableti, marekebisho mawili ya bure la tatu unalipa, na mchoro kamili hautoki bila hela kumalizika, kabla ya hapo unaona picha yenye jina lake katikati. Ndugu wa karibu ndo wagumu zaidi, wanasema "nichoree tu kakitu, haichukui muda".

Kukaa nako kuna sumu yake. Mfupa unataka kubebeshwa ili ubaki mzito, wanaanga wakiwa juu kule bila uzito nyonga zao zinapoteza asilimia 1 mpaka 1.5 kwa mwezi, na wale ni watu waliofunzwa. Sasa yeye ana upande mmoja unaotakiwa kupumzishwa na mwili mzima unaotakiwa kutumika, ni kama kinyume lakini kinapangika: kila nusu saa simu inalia, anasimama, anachukua fimbo, anazunguka uwanja, anakunywa glasi ya maji. Asubuhi analala ubavu wa upande mzima na kuinua mguu ule mwingine polepole, kisha chali anainua makalio, mambo aliyofundishwa na kinezi, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, ili misuli ya pembeni ibebe kazi badala ya mfupa. Kuruka, kukimbia, kuchuchumaa, bidoni kichwani, hapana. Maumivu anatumia parasetamoli kwanza, zile ibuprofeni na diklofenaki za kununua barabarani anaziogopa juu ya figo, na figo za SS tayari zina kazi nyingi.

Kitu kimoja kisichongoja kikao cha familia: mfupa unauma NA una homa, ao umevimba na una moto, hiyo ni hospitali leo. Watu wa SS wanapata usaha ndani ya mfupa, bakteria za salmonela mara nyingi, na mgongo unaouma usiku na kukonda na jasho unaweza kuwa TB ya uti wa mgongo. Hizo zinatibika, ila si kwa pomada.

Kiti chake cha kazi kilichukua muda kuliko tableti. Viti vyetu vya nyumbani vyote ni vifupi, ao ni kochi linalokumeza, na kanuni ni kwamba ukikaa nyonga ziwe juu kidogo ya magoti na nyayo zifike chini. Fundi mbao alimpima akiwa amekaa juu ya matofali, akaongeza tofali mpaka mkao ukawa sawa, ndo akakata miguu ya kiti kwa urefu ule. Baadaye tukamrudia na oda ya pili, aliyoicheka sana mpaka tulipomueleza: kiti kile kile, urefu ule ule, chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya choo cha shimo. Kuchuchumaa ndo mkao mbaya kuliko yote kwa nyonga ile, na siku akiwekewa proteze utakuwa hatari kabisa, inaweza kuchomoka. Fundi akauliza kama atie mikono pembeni ya kujishikia. Tie, fundi, na uipige vanishi mara mbili juu inaoshwa kila siku.